Nakuru: kula Bondeni na mitaa jirani kwa kufuata saa ya sufuria

JUMATATU

Nimetoka Bungoma alfajiri na matatu ya kupitia Webuye na Eldoret, baridi ya Timboroa ikatupiga kisawasawa, kuteremka Mau Summit na Salgaa mpaka kuingia Nakuru ni saa tisa na tumbo halina kitu. Nimekuja semina ya kazi, iko taoni karibu na Kenyatta Avenue, kuanzia kesho mpaka Ijumaa, na pesa ya lanchi tunapewa mkononi, hatupikiwi. Wenzangu wamelalamika sana kuhusu hiyo lakini mimi nimefurahi kwelikweli, maana hii Nakuru nimekuwa nikiipita tu nikienda Nairobi, chakula changu ni sambusa ya kununulia dirishani na gari linasonga.

Nalala kwa mama mdogo mtaa wa Flamingo. Ukitoka kwake kwa mguu uko Bondeni, Kivumbini, Kaloleni, Abong'lo Weya, yaani mitaa ile ya zamani ambayo watu walirundikana tangu reli ifike hapa 1900 na mashamba ya wazungu yaanze kutafuta wafanyakazi. Kwa hivyo unapata Mkikuyu, Mnubi, Mjaluo, Mluhya, Mkisii, Mkalenjin, Msomali, Mhindi, wote na jiko lao. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, lakini huo mchanganyiko wa vyakula ulikuwepo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Nikamuuliza mama mdogo hoteli gani iko poa huku. Hakunitajia hata moja. Alikuwa kwa cherehani anashona sare za shule, akaniambia bila kuinua kichwa, "Baba, huku usiulize hoteli gani, uliza saa hii ni saa ya nini." Halafu akaanza kunihesabia, kabla ya saa moja asubuhi ni uji na nduma sokoni, saa nne ni chai na mahamri, saa saba ndio vyakula vizito, saa kumi na moja ni viazi karai na bhajia, giza likiingia ni mutura na supu. Ukienda kwa mtu wa pilau saa kumi unakula iliyopashwa, ukienda kwa mtu wa mutura saa nane mchana unakula ya jana, halafu unarudi kwenu kusema Nakuru hakuna chakula.

Nilikuwa nishaangalia ramani ya simu kwa gari nikaona hoteli kubwa kubwa tu za barabarani zenye nyota na picha. Vibanda havimo. Kibanda hakina jina, hakina bango, hata mlango wakati mwingine ni kitambaa, simu itakionaje?

Basi saa moja usiku nikaenda kwa mutura, kona ya karibu na steji, ndio ilikuwa saa yake. Utumbo umejazwa nyama ya kukatwakatwa, damu, vitunguu, dhania na pilipili, unachemshwa kwanza ndio unalazwa kwa makaa. Jamaa anageuza kwa vidole, akiona ngozi imeanza kupasuka na mafuta yanadondokea moto anaitoa, anakata kwa ubao vipande vya unene wa kidole, chumvi imemwagwa pembeni, kachumbari ya nyanya na pilipili. Unakula umesimama, unasema tu "kata ya thelathini." Angalia kisu kikipita, mutura mbaya inasambaratika maana ni damu tupu iliyoganda, hii ilishika, nyama unaiona. Kando kuna sufuria ya supu ya mifupa, anakuchotea kwa kikombe cha bati, na watu waliokuwa wamezunguka hapo ni madereva na makanga wanaofunga kazi. Hao wanakula hapo kila siku, ingekuwa inawaumiza tumbo wangeshahama.

JUMANNE

Saa kumi na mbili niko soko la Wakulima. Malori ya viazi na kabeji yamefika usiku kutoka Molo na Mau Narok, wabeba mizigo wanakimbia na magunia migongoni na wanakupigia kelele utoke njiani, usisimame katikati. Mahali pa uji utapajua kwa hao wabeba mizigo wenyewe, wamechuchumaa kwa mstari na vikombe vya plastiki. Uji ni wa kuchachusha, unga wa mahindi na wimbi, mzito, na pembeni mathe ana beseni la nduma na viazi vitamu vimefunikwa na karatasi ya nailoni visipoe. "Koroga kwanza, uzito umekaa chini." Nikakoroga. Ule uchachu unakuamsha kuliko chai, na nduma ilikuwa kavu ya kuvunjika, si ile ya maji maji. Kwa shilingi hamsini nikawa nimeshiba mpaka saa saba, wenzangu saa nne walikuwa wanatafuta mandazi.

Lanchi ya leo ilikuwa chips, na hapa wacha niseme kitu kuhusu viazi kwa sababu watu hula chips za Nakuru wanasifu mpishi peke yake. Viazi vingi huku ni vya aina ya Shangi. Shangi inaiva haraka kwa hivyo haili makaa wala gesi, ndio maana vibanda vinaipenda, lakini haikai, ukiiweka wiki chache inachipuka, na kiazi kilichochipuka na kukaa sana kinaingia rangi nyeusi kwa mafuta na kinakuwa na utamu wa ajabu ajabu. Sisi Bungoma tunaipata ikiwa imesafiri na kungoja ngoja. Hapa kimetoka shambani jana. Nikasimama pale kibandani nikiangalia kijana anamenya, maji ya kiazi yanamrukia mkononi, anakata hapo hapo anatumbukiza. Nje ngumu, ndani unga. Nilikula bila tomato.

JUMATANO

Hii ndio siku ambayo sitaisahau upesi.

Nje ya jengo la semina kuna fundi wa viatu, Mkisii wa umri wa babangu, asubuhi nilimpa kiatu kushona nikamuuliza yeye hula wapi. Hilo swali ndilo ninalolipenda kuliko "wapi kuna chakula kizuri," maana la pili mtu anakutajia mahali pa wageni, la kwanza anakutajia mahali pake. Akaniuliza leo ni siku gani. Jumatano. Akasema basi twende wote saa saba kasoro, kuna chinsaga.

Ni chumba cha mabati nyuma ya maduka ya vyuma, meza ndefu na benchi, kitambaa cha lesi mlangoni, ndani mama mmoja na binti yake. Chinsaga ni zile zile mboga ambazo sisi Waluhya tunaita tsisaga, mgagani kwa Kiswahili, zina uchungu, na wengi wanaziharibu kwa haraka. Huyu mama hununua Jumatatu jioni, Jumanne anachambua jani kwa jani, anachemsha taratibu, halafu anatia maziwa na kuziacha zilale. Jumatano anazipasha tena na maziwa mengine. Kwa hivyo ukifika Jumanne hazijaiva, ukifika Alhamisi zimeisha. Zikifika mezani zimelainika kabisa, kijani cha kukaribia weusi, maziwa yameingia yote hakuna mchuzi unaotembea sahanini, na uchungu umebaki kidogo tu mwishoni, pale nyuma ya ulimi. Ugali ni wa wimbi, rangi ya udongo, unabanwa mkononi na unashika. Hakukuwa na nyama na sikuikumbuka.

Fundi alikula kimya mpaka katikati ndio akazungumza. Akasema amekula hapo tangu huyu mama akiwa anasaidia mamake, na yule binti ndiye sasa anachambua. Nikamuuliza mama mbona asipike kila siku, watu wapo. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nikipika kila siku nitakuwa nachemsha, sitakuwa napika." Akaniongezea kijiko kimoja bila kuniuliza. Tulilipa mia moja na themanini kila mmoja na nilitaka kulipa ya mzee akakataa kabisa, akasema mgeni ni mimi.

ALHAMISI

Mvua. Semina ikapitiliza, wenzangu wakanivuta kwa hoteli moja ya vioo hapo taoni, menyu kurasa nyingi, pilau na pizza na samaki na matoke na nyama choma zote kutoka jiko moja. Tulingoja karibu saa nzima, kuku akaja moto juu na baridi kwa mfupa. Sahani mia tisa. Menyu ikiwa ndefu hivyo hakuna sufuria yenye saa yake, kila kitu kinasubiri kwa friji mpaka mtu aitishe.

Usiku nikala mayai ya kuchemsha ya kupasuliwa na kutiwa kachumbari kwa mkokoteni, na soseji moja ya smoki, nikalala.

IJUMAA

Semina imefungwa saa sita na nusu, nikatoka mbio kwenda Bondeni.

Watu wana maneno mengi kuhusu Bondeni, ati kuna wezi, ati usiende na simu. Mtaa wowote uliobanana una mambo yake, na usiku mimi nisingezurura peke yangu nisikokujua, lakini mchana wa Ijumaa nilikuta wazee wamekaa barazani, watoto wa madrasa na mabuku yao, mafundi, akina mama wamekaa milangoni na sinia. Inaniuma mtu anapoishi Nakuru maisha yake yote na hajawahi kula hapa kwa sababu ya sifa aliyosikia tu.

Pilau iko uchochoro unaotokea Kanu Street. Nilifika watu bado wako msikitini, mzee wa kofia amekaa kwa kigoda kando ya sufuria kubwa yenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikauliza kama naweza kupata sahani. "Ngoja mfuniko ufunguke, kijana. Haufunguliwi kwa mtu mmoja." Nikangoja kwa jiwe. Tulizungumza. Ile rangi ya pilau, akasema, haitoki kwa dawa ya dukani, inatoka kwa vitunguu, unavikaanga mpaka unaogopa vimeungua, hapo ndio unatia nyama na thomu na tangawizi, halafu bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, ametwanga mwenyewe asubuhi hiyo kwa sababu bizari iliyosagwa mwezi uliopita ni vumbi tu. Supu ya nyama ndiyo inapika mchele. Maji matupu hayaingii.

Saa saba na nusu watu wakaanza kumiminika kutoka swala. Akapangusa makaa kwa kipande cha bati, akafunua. Sijui nielezee vipi. Mvuke ulitoka na karafuu ikatangulia, halafu nyama, halafu kitu cha chini kinachokaribia kuungua, na watu wote kwenye uchochoro waligeuka kwa pamoja. Hakorogi. Anaingiza kijiko cha chuma pembeni, anaenda nacho mpaka chini na kuinua, ili kila sahani ipate ya juu iliyo kavu na ya chini iliyoshika mafuta. Punje moja moja. Nyama mifupa na yote, kachumbari ya limau, ndizi mbivu moja pembeni ambayo wageni huiacha kwa mwisho kama matunda lakini unatakiwa kuila pamoja, kijiko cha pilau, kipande cha ndizi. Juisi ya ukwaju kutoka kwa ndoo ya kijana wa jirani. Nililipa mia mbili na hamsini ya vyote.

Saa nane na nusu mzee alikuwa anakwangua ukoko, na ule ukoko hauuzi, anawapa watoto. Mwanamke mmoja alikuja na sahani yake ya nyumbani akakuta imeisha, hakukasirika, akasema tu "haya, Ijumaa Mungu akipenda."

Nikazunguka huko huko nikingoja saa ya viazi karai. Saa kumi na moja kamili karai zikapanda, mlango huu, mlango ule. Kiazi kimechemshwa nusu, kinachovywa kwa uji wa unga wenye manjano na chumvi na pilipili, mafutani, na ukwaju mwekundu wa kumwagia. Hapa kuna kitu nimejifunza, kula kwa yule mwenye mafuta ya rangi ya chai ya rangi, si yule mwenye mafuta meusi, na kula kwa yule anayekaanga kidogo kidogo. Mwenye rundo kubwa kwa kioo alianza mapema na vimelegea. Vya moto ukibonyeza vinalia. Mlango wa pili niliokula mama alikuwa na kachori pia, na akaniwekea moja ya kuonja nikiwa bado natafuna, nikanunua za mama mdogo na wajukuu wake zikafika nyumbani nusu maana njia ni ndefu.

JUMAMOSI

Asubuhi nikarudi kula anjera kwa Wasomali, ile chapati laini ya unga wa kuchachuka, chai yao ya iliki na tangawizi imechemkia ndani ya maziwa. Anjera ina vitobo upande wa juu, na hivyo vitobo ndivyo vinavyobeba samli na sukari, au ukitaka ya chumvi wanakuwekea vipande vidogo vya nyama vya kukaanga na vitunguu na hoho. Nilichukua zote mbili. Ikifika saa tatu na nusu dada anazima kikaango, unga wake wa kuchachuka umeisha.

Mchana mwenzangu wa semina, Mkalenjin wa Kuresoi, akanipeleka kula nyama nje kidogo ya jiji kwa njia ya Njoro. Alipiga simu kabla hatujatoka kuuliza kama mursik ipo, yale maziwa yao ya kuchachia kwa kibuyu. Nyama ya mbuzi unaichagua ikiwa imening'inia, inapimwa kilo, inaenda motoni, na unakaa. Ukiharakisha mchomaji anakuletea nje nyeusi ndani mbichi, kwa hivyo tukakaa. Wakati huo ndio kibuyu kikaletwa. Sotet, ndicho hicho kibuyu, imesafishwa na kukaushwa, ndani imesuguliwa na majivu ya makaa ya mti wa senetwet, halafu maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakamiminwa na kufunikwa siku nyingi. Ikimiminwa kwa glasi inatoka nzito, nyeupe yenye mistari ya kijivu, na mwenzangu akakitikisa kibuyu kwanza kwa mikono miwili taratibu, mabonge yavunjike. Uchachu, halafu moshi kwa mbali. Unakunywa na ugali na nyama, mafuta ya mbuzi yanakatika mdomoni. Alinieleza shosho yake alikuwa akinusa tu kibuyu na kujua nani amekisafisha. Mimi nadhani hii ndio mlo ambao mtu wa magharibi mwa Kenya kama mimi akija Nakuru anapaswa kuutafuta kwa nguvu, maana samaki na kuku tuko nao nyumbani, hii hatuna.

JUMAPILI

Na bado nikaishia kwa samaki, kwa sababu mama mdogo alitaka samaki baada ya kanisa.

Tukaenda Kaptembwa, kule na mtaa wa Rhonda ndiko watu wengi wa kwetu na wa upande wa Ziwa Victoria wanaishi. Mama mdogo hakuketi kabla ya kuuliza samaki ametoka wapi. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka hii ya karibuni samaki walianza kuvuliwa humo, na serikali ya kaunti ikapiga marufuku kuwauza kwa sababu ya madini ya sumu, ziwa linapokea uchafu wa jiji zima. Mwenye kibanda hakuchukia swali, alitufungulia jokofu la barafu akatuonyesha, ngege, yaani tilapia, wa Kisumu waliofika na gari la usiku. Macho yanang'aa, mashavu ndani mekundu. Mama mdogo akaingiza kidole akainusa, akakubali.

Wet fry ya nyanya na vitunguu, osuga, ile mboga ya mnavu, ya maziwa, ugali mkubwa wa kugawana. Mama mdogo alikula kichwa, hiyo haina mjadala, alikula pole pole akitoa mfupa mmoja mmoja na kuupanga ukingoni mwa sahani, na akiwa katikati akaanza kunihoji wiki yangu kama mwalimu, mutura ulikula saa ngapi, pilau ulifika mfuniko umefunguliwa au bado. Chinsaga hakuzijua. Miaka yote anayoishi Nakuru na hajawahi kusikia hicho chumba cha mabati nyuma ya maduka ya vyuma. Nikamchorea njia kwa karatasi ya risiti, pale kwa fundi wa viatu, kata kushoto, mlango wa lesi, akaikunja akaiweka kwa pochi.

Gari langu ni la saa tisa. Semina ya pili ni Novemba na wanasema itaanza Alhamisi, nitaomba ruhusa kazini nisafiri Jumanne.